Marufuku Kukimbia, Ruksa Kuhangaika

Jamani, mmewahi kumwona mtu mzima anakimbia huku hakimbii? Mimi nimewaona kwa mamia, kwenye runinga, asubuhi ya huko Augusta, jimbo la Georgia, Marekani, wakati wa mashindano ya gofu ya Masters. Geti likifunguliwa tu, amri ni moja na haina rufaa: marufuku kukimbia. Sasa tazama vituko. Mzee wa miaka sitini, kitambi mbele, kofia imekaa upande, kiti cha kukunja kwapani, anakwenda mwendo wa mtu aliyeshikwa na tumbo nyumbani kwa wakwe: haraka anayo, heshima anaitaka. Kiuno kinakwenda kushoto, mabega kulia, nyayo haziachi ardhi. Mlinzi anamkazia macho. Naye anatabasamu, jasho linamchuruzika, anajifanya yuko matembezini anapunga upepo. Mmh! Dunia ina watu hii.

Na msidhani kaingia bure. Tiketi ya siku moja ya mashindano, kwa bei halali ya 2024, ilikuwa dola 140, tena huendi kuinunua dirishani. Unaiomba kwa bahati nasibu, unakaa miezi unasubiri, na wengi jibu wanalopata ni pole, jaribu tena mwakani. Ukijitia ujanja ukapitia kwa walanguzi, unatajiwa maelfu ya dola, na wenye klabu wakigundua, umekwisha: tiketi inafutwa na wewe unaishia kwenye maegesho. Zamani kulikuwa na orodha ya kusubiri zile tiketi za kudumu. Ilifunguliwa 1972. Kufikia 1978 ikafungwa, kwa sababu orodha ya kusubiri yenyewe ilikuwa imefurika. Haya niambieni, foleni ya kusubiri foleni mmeiona wapi? Tena msinitajie ofisi, tunazijua wote.

Ukishapenya hapo, simu huna. Sizungumzii kuizima, nazungumzia kuiacha nyumbani au garini. Ukikutwa nayo unatolewa nje na heshima zako zote. Kwa huruma yao wamekuwekea simu za mezani huko huko kiwanjani, bure, upige ukitaka. Lo! Nilipolieleza hili kijiweni tukaanza kupimana: nani anakumbuka namba ya mkewe kichwani? Kimya. Muuza kahawa akajikuna kisogo. Fundi viatu akataja tarakimu nne akakwama. Kijana wa bodaboda ndiye pekee aliyetaja namba nzima bila kukosea, na ikawa ni ya mtu anayemdai. Na hata ukiikumbuka, hebu mfikirie huyo mama huku nyumbani, saa tano za usiku, simu inaita kwa namba ndefu ya ng'ambo asiyoijua. Atapokea? Thubutu! Atajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Utalia na mkonga wako Georgia hadi nyasi zinyauke.

Lakini ajabu ya Mungu, waliofika wakirudi hawalalamiki. Wanasifia! Eti ndilo jambo zuri kuliko yote, kila mtu kainua uso, hakuna anayemziba mwenzake kwa mikono iliyonyoosha simu hewani. Mtu mzima anasimulia kwa macho ya maji maji kwamba ameona mpira kwa macho yake mwenyewe. Tumefika hapo ndugu zangu. Kutazama kitu kwa macho sasa ni kisa cha kuhadithia wajukuu.

Halafu kuna hili la viti, hapo ndipo nilipomeza kahawa vibaya. Yule mzee wa mbio zisizo mbio anakimbilia nini? Anakimbilia kukiweka kile kiti chake kando ya shimo la 18. Akishakiweka, kadi ya jina nyuma yake, anaondoka. Anakwenda kula, anazunguka kiwanja kizima, anarudi jioni saa kumi na moja, na kiti kiko pale pale, kinamsubiri! Hakijasogezwa hata inchi. Mtu mwingine akipenda akikalie, lakini mwenyewe akitokea, anainuka kwa samahani nyingi. Jamani. Juzi hapa kwenye harusi ya mtaani nilisimama kumwamkia shangazi yangu, "shikamoo shangazi", "marahaba mwanangu", kugeuka nyuma kiti kimeshavuka hema kiko upande wa bibi harusi, kimekaliwa na mama mwenye watoto watatu, na ananitazama mimi kwa jicho la "unatafuta nini hapa?" Nikala pilau nimesimama.

Chakula kwao, hapo nawavulia kofia. Sandwichi ya jibini na pilipili, au ya mayai, dola moja na nusu. Kwa hesabu ya hela zetu ni shilingi elfu nne hivi, na hiyo ni ndani ya uwanja wa matajiri wakubwa wa Marekani. Sasa nenda wewe kwenye tamasha lolote hapa mjini uulize bei ya maji. Unauziwa chupa kwa bei ya kreti, na muuzaji ndiye anayenuna.

Ila akiba yote hiyo ya sandwichi wanaimalizia kwenye sanamu. Ndiyo, sanamu! Kijisanamu cha kizee chenye ndevu na kofia, cha kuweka bustanini, kilianza kuuzwa pale 2016. Bei yake 2025 ilikaribia dola 50. Watu wanadamka alfajiri, wanapanga foleni dukani, wanakigombea mpaka kinaisha asubuhi na mapema, halafu mitaani kinauzwa tena kwa mamia ya dola. Yupo mtu aliyeshinda bahati nasibu ya tiketi, akapanda ndege, akalala hoteli ya bei mbaya, na asubuhi nzima kaitumia dukani huku mabingwa wa dunia wakipiga mipira nyuma ya mgongo wake. Na laiti angekileta huku kwetu! Ukiweka kizee cha ndevu mbele ya nyumba yako leo, kesho mjumbe wa nyumba kumi anabisha hodi, na mtoto wa jirani akikohoa tu, ni wewe.

"Sasa gofu yenyewe wanaiona saa ngapi?" akauliza kijana wa bodaboda. Swali la haki kabisa hilo. Kwa kweli hawaioni sana. Mashimo ni 18, yametawanyika kwenye vilima na misonobari, wachezaji wamesambaa kila pembe, na kijipira chenyewe hakifiki hata upana wa sentimita tano. Ukikaa shimo moja, wanakupita wawili wawili au watatu watatu, wanapiga, wanavua kofia, wanakwenda zao, unabaki unatazama nyasi mpaka waje wengine. Ukiamua kumfuata mmoja, unamwona kisogo. Mbele yako kuna safu kumi za watu, na wa mbele kabisa lazima awe mrefu, ndiyo sheria ya maumbile. Kisha unasikia kishindo cha kelele kutoka ng'ambo ya misonobari na hujui ni cha nani. Wazoefu wa pale wanajitapa eti wanatambua kwa sikio tu: hiyo kelele ni ya mkwaju mmoja chini, ile ni ya miwili, na ile nyingine, ile ya kutikisa matawi, enzi zake ilikuwa ya Tiger Woods. Yaani umelipa maelfu ya dola ukasikilize mpira!

Na wote, kila mmoja wao, akirudi ana habari moja: "Runinga haionyeshi vilima." Hawana jingine. Shimo la kumi linateremka karibu mita 30, runinga haionyeshi. La 18 linapanda mpaka magoti yanalia, runinga haionyeshi. Haya bwana, tumesikia. Sisi wa kochini vilima vyetu tunavipanda kwa usingizi.

Maana huku kwetu Masters ni mateso ya usiku. Augusta iko nyuma yetu kwa saa saba. Jua la kwao la alasiri ndio usiku wetu wa manane, na Jumapili ya mwisho bingwa anavikwa lile jaketi la kijani wakati popo wanarudi majumbani. Pale kijiweni tuna mzee mmoja mstaafu wa reli, mpwa wake alikuwa kedi, yaani mbeba fimbo, basi na yeye akaambukizwa huo ugonjwa. Kila Aprili anatujia Jumatatu macho mekundu, sauti imekauka, na mkewe kamnunia. Tukimuuliza anasema alikuwa kazini. Kazi gani, mzee wetu? "Kumsaidia Rory McIlroy."

Siku ya kwanza alipotufundisha hesabu za mchezo wenyewe kijiwe kilivunjika. Akasema anayeshinda ni mwenye mikwaju michache. Fundi viatu akaweka nyundo chini. "Yaani anayepiga sana ndiye anashindwa?" Ndiyo. "Na aliyepiga kidogo ndiye bingwa?" Ndiyo. Kijana wa bodaboda akasimama, akajifuta vumbi, akatangaza kwamba yeye tangu azaliwe hajapiga hata mmoja, alete mtu lile jaketi.

Hebu niwasimulie ile Jumapili ya tarehe 13 Aprili 2025, maana watu wanaoitwa mashabiki siku ile walivuliwa nguo. Rory McIlroy, kijana wa Ireland ya Kaskazini, alishachukua yale mataji mengine matatu makubwa, la mwisho akiwa kalitwaa 2014. Likabaki hili la Masters tu. Kila mwaka anakwenda, kila mwaka anarudi mikono mitupu. 2011 aliingia siku ya mwisho anaongoza kwa mikwaju minne, akapiga 80, akaporomoka mbele ya dunia nzima. Basi safari hii anaanza siku anaongoza kwa miwili. Shimo la kwanza, la mikwaju minne, kapiga sita. Uongozi umeyeyuka kabla chai haijapoa. Mzee wetu anasema alizima runinga. Baadaye akaiwasha. Rory karudi kileleni! Akaketi. Shimo la 13, mkwaju mfupi tu, wa mita zisizofika 80, upande wa kushoto nyasi tele, upande wa kulia maji. Kauchagua upande wa maji.

Sasa hapo ndipo utamwona binadamu. Watu ambao hawajawahi kushika fimbo ya gofu hata ya plastiki, wamejikunja kwenye makochi kuanzia Dar hadi Dublin, wote kwa mpigo wamekuwa makocha. "Kwa nini hakuupiga kushoto?" "Kwa nini hakuachia nafasi?" Mzee wa reli, ambaye siku hiyo hiyo alishindwa kutumbukiza ufunguo kwenye tundu la kufuli, akamwita bingwa wa dunia mzembe. Shimo la 15 Rory akauzungusha mpira kwenye miti ukatua penye nyasi fupi kabisa, na mzee yule yule akadai siku zote alikuwa anamwamini. Shimo la 18 amebakiza mkwaju wa mita moja na nusu tu atwae taji. Mita moja na nusu! Mpira ukapita pembeni. Mzee akasonya msonyo ambao jirani yake wa ukuta wa pili alidhani bomba limepasuka.

Wakarudia shimo hilo hilo, yeye na Justin Rose wa Uingereza, ambaye siku hiyo alipiga 66 zake kwa utulivu akasawazisha. Rory safari hii akauweka mpira karibu na shimo, akautumbukiza, akaanguka magoti analia. Akawa mtu wa sita kukamilisha mataji yote manne makubwa, baada ya Sarazen, Hogan, Player, Nicklaus na Woods. Huko kwao wanaume wazima walilia. Mzee wetu naye kalia, saa nane ya usiku imeshapita, mpaka mkewe akatoka chumbani na kanga kiunoni kuuliza nani kafa.

Lakini mnisamehe, mimi nilibaki na Rose. Masikini Rose! 2017 alishindwa pale pale, kwenye shimo hilo hilo la nyongeza, na Sergio Garcia. 2025 anashindwa tena. Kapiga siku nzuri kuliko mshindi, kakumbatia, kapongeza, kaondoka. Nani kalia kwa ajili yake? Nani kamkumbuka hata kwenye kahawa ya Jumatatu? Shabiki wa gofu anapenda mtu ateseke kwanza, tena ateseke kwa miaka, tena hadharani. Anayecheza vizuri bila kuhangaika tunamwona hana ladha. Scottie Scheffler kalitwaa 2022, akalitwaa tena 2024 bila kelele, na pale kijiweni mpaka leo wanamwita "yule mwingine".

Na malalamiko ya runinga nayo! Mashabiki wa gofu hawaridhiki, hata ukiwapa mbingu. Masters kwenye CBS ya Marekani, ambayo inaionyesha tangu 1956, ina matangazo ya biashara ya dakika nne tu kwa saa. 2003 na 2004 hayakuwepo kabisa, klabu iliyakataa wakati wa ule mzozo wa kutokuwa na wanachama wanawake, na wanawake wenyewe wakaja kuruhusiwa 2012. Lakini msikilize shabiki: wanamwonyesha Tiger mno hata akiwa nyuma, hawamwonyeshi Tiger vya kutosha, wanaonyesha kutumbukiza tu, mtangazaji ananong'ona. Hili la mwisho hata mimi linanichekesha. Mtu amejifungia chumba cha matangazo, mchezaji yuko mbali huko, hawezi kumsikia hata akipiga tarumbeta, lakini ananong'ona! Na ndege je? Wale wanaoimba vizuri hivyo? Kuna wakati wajuzi wa ndege walishtuka kusikia kwenye gofu ndege wasioishi jimbo hilo, na mwaka 2000 CBS wakakiri kwamba kwenye baadhi ya mashindano waliweka sauti za kurekodi. Ebo! Hata ndege siku hizi si wa kumwamini.

Na huyo mtangazaji anong'one hivyo hivyo, maana akiropoka anajua kilichowapata wenzake. 1966 mmoja, Jack Whitaker, aliwaita watazamaji wale wastaarabu kundi la wahuni lililochachamaa. Akakaa nje ya Masters miaka kadhaa. 1994 Gary McCord akatania kwamba nyasi za mashimoni zimenyolewa kwa nta ile wanayotumia kina dada kabla ya kwenda ufukweni. Kibarua chake cha pale kikaota nyasi, tena ndefu.

Msije mkadhani basi Wamarekani wote wamefundwa. Hawa wa Augusta ni hofu ya kunyang'anywa tiketi. Watoe nje ya geti lile uone. Kwenye mashindano mengine mchezaji anapiga tu, hata mpira haujapaa, yuko mtu nyuma anapayuka kwa sauti yote, "Viazi vya kuponda!" Naapa. Anataja chakula. Kwa nini? Hakuna ajuaye, hata yeye. Na Septemba 2025 kwenye Kombe la Ryder, Marekani dhidi ya Ulaya, kule Bethpage, New York, tiketi zaidi ya dola 700, watu wakamtukana huyo huyo Rory waliyemlilia Aprili. Kinywaji kikarushwa kikampata mkewe. Mshereheshaji wao mwenyewe, aliyelipwa kuwachangamsha watu, akaongoza matusi mpaka ikabidi aachie kazi. Na baada ya fujo zote hizo Ulaya wakashinda 15 kwa 13. Walipiga kelele nyumbani kwao, wakapigwa nyumbani kwao.

Mzee wa reli akisikia hivi anavimba kichwa, anatukumbusha kwamba ustaarabu wa gofu uko Nairobi. Na kwa hili hatudanganyi, nawapa haki yao majirani. Kenya Open inachezwa tangu 1967. Seve Ballesteros alilitwaa 1978, miaka miwili baadaye kavikwa jaketi la Augusta. Ian Woosnam kalitwaa 1986, Augusta 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini kalitwaa 2000, Augusta 2008, na leo ndiye mchambuzi mkuu wa CBS, Wamarekani wamekaa kimya wanamsikiliza. "Njia ya Augusta inapita Nairobi," anasema mzee, kidole juu. Fundi viatu kamuuliza mbona basi mpwa wake amepita Nairobi na mabegi ya watu miaka yote hiyo, akaishia kuuza vocha. Walikosana siku mbili.

Wiki hii wamepatana, maana kuna mradi. Mzee kagundua kwamba The Open ya Uingereza inachezwa Julai, wala si usiku wa manane. Siku ya mwisho inamalizika kwetu baada ya magharibi. Tukaenda ujumbe wa watu wanne kwa mwenye banda la video, tukamwomba kwa adabu, ligi si imelala, atufungulie gofu Jumapili moja tu. Akatusikiliza. Akauliza mechi inachukua muda gani. Saa nne, tano hivi. Magoli? Hakuna. Wanapigana? Hapana. Akafikiri, akavuta kalamu sikioni.

"Mashimo mangapi?"

"Kumi na nane."

"Shimo moja shilingi mia, kwa kichwa. Wakitoka sare?"

"Wanaongeza matatu," mzee akasema, sauti imeshaanza kutetemeka.

"Hayo ya nyongeza mnalipa kabla."